Kufuatilia MS kwa picha za ubongo: maana yake na mahali panapoharibika

Maltipo sklerosisi, ambayo wagonjwa na madaktari huiita MS, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mayelini, yaani ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva ya jicho. Ala ikishaliwa, mahali hapo huvimba, kisha huacha kovu. Kwenye picha ya MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku kubwa, kovu hilo huonekana kama doa. Kufuatilia kwa picha ni kuyalinganisha madoa hayo mwaka hadi mwaka, ili ijulikane kama ugonjwa umetulia au unaendelea chinichini.

Dalili peke yake hazitoshi kwa kazi hiyo. Katika MS ya kawaida, ile inayokuja na kuondoka, madoa mapya huzaliwa mara nyingi zaidi kuliko mashambulizi anayoyahisi mgonjwa; makadirio ya kawaida ni madoa 5 hadi 10 kwa kila shambulizi moja. Doa likikaa ndani ya ubongo mweupe, yaani sehemu ya ubongo yenye nyuzi za neva, karibu na vyumba vya maji, mtu anaweza asihisi lolote. Doa la ukubwa uleule likikaa kwenye shina la ubongo, anaona vitu viwiliviwili au anayumba akitembea. Ndiyo maana idadi ya madoa na kiwango cha ulemavu haviendi sambamba, na haifai kumtisha mgonjwa kwa kumhesabia madoa tu.

Picha inayobeba mzigo mkubwa ni ile iitwayo FLAIR. Yenyewe huyazima maji ya ubongo yawe meusi, na doa lililo kando yake hubaki jeupe, likaonekana vizuri. Kisha kuna T1, aina nyingine ya picha ya MRI, ambamo baadhi ya madoa ya zamani huonekana kama mashimo meusi: hapo nyuzi zenyewe zimekufa, si ala peke yake. Ya tatu ni T1 baada ya kudungwa gadolini, dawa ya kung'arisha picha, kipimo cha kawaida kikiwa milimoli 0.1 kwa kila kilo ya uzito, na kusubiri angalau dakika 5 kabla ya kupiga picha. Dawa hiyo hupenya tu pale ukuta kati ya damu na ubongo unapovuja kwa sababu ya uvimbe. Doa hung'aa kwa wiki chache, kwa kawaida 2 hadi 8, kwa hiyo linalong'aa ni changa.

Hata hivyo, gadolini haihitajiki kila safari. Mabaki yake hukaa kwenye ubongo, na mtu mwenye figo zilizochoka sana ana hatari zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa 2021 unaona kwamba picha mbili zinazolingana vizuri zinatosha kuonyesha doa jipya bila sindano. Tunaliunga mkono hilo kabisa, ila sharti lake liko wazi: picha zilingane.

Na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Chukua doa la milimita 3, ambao ndio udogo wa mwisho unaohesabiwa. Mwaka wa kwanza picha imepigwa kwa mikato ya milimita 5 yenye nafasi katikati. Doa limeangukia kwenye nafasi hiyo, halionekani. Mwaka wa pili kichwa kimelazwa kwa pembe tofauti kidogo, mkato unapita katikati ya doa, na ripoti inaandikwa “doa jipya”. Mgonjwa anabadilishiwa dawa kwa ajili ya kovu alilokuwa nalo tangu zamani. Kuhama kutoka mashine ya Tesla 1.5 kwenda ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) huleta kosa la aina hiyohiyo, kwa kuwa yenye nguvu zaidi huona zaidi. Dawa yake ni kupiga FLAIR ya pande tatu yenye chembe za picha za milimita 1, kutumia mashine ileile na mpangilio uleule, kisha kuzilaza picha mbili moja juu ya nyingine kwa kompyuta na kuondoa yale yanayofanana. Kinachobaki ndicho kipya.

Wakati nao una hesabu yake. Ukianza dawa leo, picha ya msingi ya kulinganishia hupigwa upya baada ya miezi 3 hadi 6. Dawa huchukua muda kushika, na madoa yaliyozuka kabla haijashika yasihesabiwe kuwa kushindwa kwake. Baadaye ni mara moja kwa mwaka. Anayetumia natalizumabu, mojawapo ya dawa za MS, na ana hatari kubwa ya PML, maambukizi ya ubongo yanayoletwa na virusi vya JC, hupigwa kila miezi 3 hadi 6, kwa kuwa PML inaweza kuonekana kwenye picha kabla ya dalili.

Vipimo vya juu zaidi huangalia mambo ambayo hesabu ya madoa huyakosa. Kimoja ni kusinyaa kwa ubongo. Mtu mzima asiye na ugonjwa hupoteza kama asilimia 0.1 hadi 0.3 ya ujazo kwa mwaka. Mwenye MS asiyetibiwa hupoteza asilimia 0.5 au zaidi. Tofauti ni ndogo mno kiasi kwamba kukosa maji mwilini siku ya kipimo kunatosha kuipotosha. Pia mwaka wa kwanza wa dawa kali ubongo huweza “kusinyaa” kwa sababu tu uvimbe umepungua. Kwa mtu mmoja, pengo la mwaka mmoja halitoshi kuamulia chochote.

Kingine, ambacho tunakipa uzito mkubwa, ni ukingo wa chuma. Picha zinazohisi chuma huonyesha duara jeusi kuzunguka baadhi ya madoa: ni seli za kinga zilizoshiba chuma, bado zinaunguza pembeni. Doa la namna hiyo haling'ai kwa gadolini, lakini hutanuka polepole kwa miaka, na wenye madoa mengi ya aina hiyo huelekea kupata ulemavu mapema zaidi.

Kwa mgonjwa, la kufanya ni kutunza diski yenye picha zenyewe, pamoja na karatasi ya ripoti, na kuipeleka kila anapopigwa picha mpya. Ripoti nzuri hutaja tarehe ya picha iliyolinganishwa, madoa mapya mangapi, yaliyokua mangapi, na kama gadolini ilitumika. Ikisema tu “hakuna mabadiliko” bila tarehe hiyo, irudishwe ikasomwe upya.