Muruatetu: kilichofutwa ni "lazima", si adhabu ya kifo

Jamaa za wafungwa huniuliza mara kwa mara kama Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta adhabu ya kifo. La, haikuifuta. Nashughulikia rufaa za jinai, na uamuzi wa mahakama hiyo katika kesi ya Francis Muruatetu, aliyehukumiwa kifo kwa mauaji, huwa mezani pangu karibu kila siku.

Kifungu cha 204 cha sheria ya makosa ya jinai kinaagiza kwamba aliyepatikana na hatia ya kuua ahukumiwe kifo. Aliyepanga mauaji kwa miezi na aliyeua kwa pigo moja la rungu katika ugomvi wa mpaka wa shamba, wote adhabu yao ilikuwa moja. Mshtakiwa angeeleza umri wake, maradhi yake, majuto yake; jaji angeandika yote, kisha atamke kifo.

Katiba yenyewe haikatazi adhabu hiyo. Kifungu cha 26 kinakubali mtu aondolewe uhai pale sheria inaporuhusu, na ungesoma hicho peke yake ungefunga faili. Lakini kifungu cha 259 kinawataka majaji waifasiri Katiba kwa kuendeleza malengo na maadili yake, na cha 25 kinalinda haki ya kesi ya haki isipunguzwe kamwe. Majaji wa Mahakama ya Juu wakavisoma pamoja. Tarehe 14 Desemba 2017 wakaamua kwamba kujitetea kabla ya adhabu ni sehemu ya kesi, na sheria inayomfunga jaji mikono katika hatua hiyo ni batili. Kifo kikabaki, ila kama adhabu ya juu kabisa.

Mahakama za chini zikaupokea uamuzi huo kwa mikono miwili, zikautumia hata kwenye wizi wa kimabavu na unajisi. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua: Muruatetu inahusu mauaji tu.

Kiutaratibu walikuwa sahihi, maana vifungu vingine havikuwa vimejadiliwa mbele yao. Hata hivyo inaniuma. Aliyehukumiwa kifo kwa wizi wa kimabavu, hata kama hakuna aliyekufa, naye anastahili kusikilizwa kabla ya adhabu. Kwake njia iliyopo ni kupinga kifungu cha 296(2) cha sheria ya makosa ya jinai, kinachoagiza kifo kwa kosa hilo, kuanzia Mahakama Kuu, hoja zote zitolewe kikamilifu. Katika ufafanuzi huohuo wa 2021, majaji walisema kesi ya aina hiyo huenda ikafikia matokeo kama ya Muruatetu.