Silinda imekwama? Weka chini hilo kopo la mafuta

"Rivolva haikwami." Kauli hii nimeisikia Ngamiani hapa Tanga, nimeisikia kwa wenye mashamba ya Muheza, na wiki hii imeletwa tena mezani kwangu pamoja na rivolva iliyokwama, imeviringishwa kwenye kitambaa kinachochuruzika mafuta. Mwenyewe ni mtu mzima ninayemheshimu. Akaniambia, "Fundi, hii haina ugonjwa. Imekauka tu. Nimeshaitia mafuta ila naona hayajafika." Mafuta yalikuwa yamefika, mzee wangu. Yamefika mpaka mahali ambapo hayatakiwi kufika kabisa.

Rivolva hukwama. Haina magazini wala slaidi, kwa hiyo haipati yale matatizo ya bastola ya magazini, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Silinda, lile gurudumu lenye matundu ya risasi, inazunguka katikati ya ukuta wa nyuma na kitako cha mtutu. Mbele, kati ya silinda na mtutu, rivolva iliyo sawa huwa na uwazi wa milimita 0.10 hadi 0.25 hivi, yaani karatasi moja ya daftari au mbili. Kikiingia kitu hapo, au kikiingia nyuma, hakuna mafuta yatakayokipunguza unene.

Usalama nautaja mara moja. Mtutu uelekee mahali salama, kidole kiwe nje ya kifyatulio, fungua silinda, toa risasi zote, zipeleke chumba kingine, kisha kagua matundu kwa macho na kwa kidole. Silinda ikikataa kufunguka na ndani mna risasi, kazi ya nyumbani imeishia hapo. Usigonge. Usichokonoe kwa bisibisi. Na kama risasi ya mwisho ililia kwa sauti hafifu, usivute tena kwa hali yoyote: huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, au kimelala nusu kwenye silinda na nusu kwenye mtutu, na hicho ndicho kilichoikaza. Risasi ikikataa kulia kabisa, shikilia mtutu ulikoelekea kwa nusu dakika au zaidi. Wengi huvuta tena papo hapo, hawajui kwamba silinda imeshazunguka, na risasi iliyochelewa itawaka ikiwa haina mtutu mbele yake.

Sasa tuje kwenye bastola tupu iliyo mezani. Nazungumzia zile ambazo silinda hutoka pembeni. Rivolva za Webley, zinazovunjika katikati ili kujazwa, zina mambo yake. Kabla hujashika kopo lolote, iulize bastola. Inakwama ikiwa tupu, au ikiwa imejazwa tu? Inakwama kila tundu, au mahali pamoja katika kila mzunguko? Ilianza kugoma tangu mwanzo, au baada ya kupiga nyingi na kupata moto? Kujaribu na risasi hai sebuleni sikubali. Tumia risasi bandia.

Ikigoma mahali pamoja kila mzunguko, shuku fimbo ya kutolea maganda: imepinda. Toa silinda nje, izungushe taratibu, utaona ncha ya fimbo ikiyumba. Ikigoma baada ya moto, tazama uso wa mbele wa silinda, masizi na madini ya risasi yamejijenga pale mpaka yanagusa mtutu. Brashi na dawa ya kusafishia baruti vinatosha, msasa usiguse. Ikizunguka vizuri tupu na kugoma ikiwa na risasi, tatizo liko nyuma. Huenda fataki, kile kidude kitakoni mwa ganda kinachogongwa ili kuwasha baruti, imechomoza. Fataki hutakiwa kukaa chini kidogo ya uso wa kitako cha ganda, na risasi ambayo fataki yake imepanda juu ya uso huo isirudi kwenye silinda.

Lakini mara nyingi zaidi ni nyota, kile kipande chenye umbo la nyota kichwani mwa fimbo kinachosukuma maganda nje, na hapa ndipo naomba usomaji wa taratibu.

Chini ya nyota ya kutolea maganda kuna nyumba yake, na nyota inatakiwa ilale mle sawasawa. Ukitoa maganda huku mtutu umeelekea chini, punje za baruti ambazo hazikuungua hudondoka na kuingia chini ya nyota. Punje moja inatosha. Punje inainua nyota, nyota inainua ganda, kitako cha ganda kinasugua ukuta wa nyuma, silinda inakaza, na mwenye bastola anasema imekauka. Anamwaga mafuta. Mafuta yanachanganyika na masizi yanakuwa tope, tope linashika punje nyingine, na mara inayofuata inakwama mapema zaidi. Anaongeza mafuta. Nimefungua bastola ambazo ukiipandisha nyota juu unakuta udongo mweusi kuizunguka pande zote, na mwenyewe anaapa kwamba anaitunza kila Ijumaa.

Dawa yake ni mswaki mkavu. Sukuma fimbo, nyota ipande, piga mswaki chini yake na ndani ya nyumba yake, futa kwa kitambaa, basi. Pawe pakavu. Na kuanzia leo toa maganda ukiwa umeelekeza mtutu juu, ili punje zianguke nje pamoja na maganda.

Najua jibu nitakalopewa: "Fundi, sisi tuko Tanga, upepo wa bahari una chumvi, bila mafuta kutu itakula." Ni kweli tupu. Chumvi huvuta unyevu, na masika chuma kisichokingwa hushika kutu upesi. Kwa hiyo paka utando mwembamba nje ya chuma na ndani ya mtutu, na usiihifadhi bastola ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu. Kabla ya kuitumia, pitisha kitambaa kikavu kwenye mtutu na matundu. Kukinga kutu ni kazi moja, kufungua silinda iliyokwama ni kazi nyingine, na kopo linalofanya ya kwanza huharibu ya pili.

Na mafuta yenyewe! Mafuta ya alizeti hukauka yakawa gundi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa mjini utayaona maji mchana kutwa, lakini panda nayo Lushoto mwezi wa saba, nyundo itatembea kwa uzito na fataki itagongwa kwa unyonge. Mafuta ya jikoni yabaki jikoni.

Kuna jambo ambalo vitabu hulisema kwa uhakika kuliko ninavyoweza kulisema mimi: kwamba mafuta yakipenya huua fataki. Yanaweza. Lakini risasi zilizozibwa vizuri kiwandani hustahimili sana, na nimeona zilizolowa zikilia zote. Msimamo wangu ni kuziweka mbali na mafuta, bila kudai kwamba kila iliyolowa imekufa. Vilevile kile kipimo cha kuinua nyundo polepole ili kuona kama silinda inafika na kujifunga. Bastola nyingi zilizotumika hushindwa kwa tundu moja au mawili ukiinua polepole mno, kisha hufunga vizuri kwa mwendo wa kawaida. Kila mara najadiliana na nafsi: nibadilishe ukucha wa kusukuma silinda, au niiache? Risasi zikipita bila kumega madini kwenye kitako cha mtutu, kwa kawaida naiacha.

Fimbo ikilegea hujifungua yenyewe, ikarefuka, silinda ikakataa kutoka. Rivolva za Smith & Wesson za tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 zina nyuzi za kushoto: ukizungusha kwa mazoea ya skrubu za kawaida unalegeza unapodhani unakaza. Walifanya hivyo kwa sababu silinda yao huzunguka kuelekea kushoto na fimbo za zamani zilikuwa zikifunguka. Weka maganda matupu kwenye matundu kabla ya kuishika fimbo, usije ukapinda nyota. Na ile skrubu ya mbele ya mpini inayobana springi ya nyundo, ikae imekazwa mpaka mwisho. Wanaoilegeza ili kifyatulio kiwe chepesi ndio haohao wanaoleta malalamiko ya risasi zisizolia.

Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Kusaga kwa tupa ukucha au kizuio cha silinda hakuna marejesho, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezewa. Ukiileta, iwe tupu, na uje na kibali chako. Lete pia maganda uliyopiga mara ya mwisho, kwa sababu mikwaruzo iliyo kwenye vitako vyake hunionyesha ilipokaza. Na tafadhali usiioshe kwanza. Nataka kuuona uchafu mahali ulipokaa.