Kistari kimoja kwenye ukurasa wa man

Wiki iliyopita kijana anayejifunza kazi kwetu hapa Nyegezi aliniita. "Kaka, nimenakili amri kama ilivyo kwenye manuali, lakini inakataa." Bando lilikuwa limeisha tangu asubuhi, kwa hiyo msaada wake pekee ulikuwa ukurasa wa mwongozo uliomo ndani ya mashine, ule unaofunguka kwa amri ya man. Programu yenyewe, mizani, ni ndogo, inajumlisha uzito wa samaki wanaoshushwa mwaloni. Alikuwa amebandika mizani -s leo.txt, na programu ikamjibu kwamba faili linaloitwa -s halipo.

Nikafungua chanzo cha ukurasa. Aliyeuandika aliweka kistari kitupu, bila mkwaju wa kinyume mbele yake. Kwa groff, programu inayopanga kurasa hizi kwenye Linux, kistari kitupu ni kiungo cha maneno. Kwenye skrini ya UTF-8, mfumo wa kuandika herufi za lugha zote, kinatoka kama herufi yenye namba U+2010, wakati amri inasubiri U+002D, kistari cha kibodi. Kwa macho ni mapacha. Kwa kompyuta hawajuani kabisa. Ukitaka kistari cha amri, andika \-. Baadhi ya matoleo ya Linux yanaweka kiraka kinachogeuza cha kwanza kuwa cha pili, na ndiyo maana kosa hili linaweza kukaa miaka halijaonekana, hadi ukurasa utue kwenye mashine isiyo na kiraka hicho.

Nikaona nisiishie kwenye kistari. Ukurasa ulikuwa umetolewa na kigeuzi, programu inayogeuza maandishi kuwa ukurasa wa man, na umejaa alama za fonti (\fB ni herufi nzito, \fI ni mlazo, \fR ni kurudi kawaida):

\fBmizani\fR [\fB-s\fR] \fIfaili\fR

Sahau \fR moja tu, na herufi nzito zinamwagika hadi mwisho wa aya. Mimi naandika hivi:

.B mizani
.RB [ \-s ]
.I faili

Makro ya .RB, yaani agizo fupi la groff, inapokezana fonti yenyewe: mabano ya kawaida, chaguo la -s kwa herufi nzito. Hakuna cha kufunga, kwa hiyo hakuna cha kusahau.

Kosa lililoniuma zaidi lilikuwa chini, kwenye maelezo ya kuandaa mashine. Chanzo kilisema "Fungua faili la", kisha mstari mpya ukaanza na ".bashrc uongeze njia ya programu" (.bashrc ni faili la mipangilio ya dirisha la amri). Mstari unaoanza na nukta groff huuchukua kuwa agizo. Agizo la jina hilo halipo, basi mstari mzima ukatupwa kimyakimya. Msomaji alibaki na "Fungua faili la", faili gani hajui. Ritifaa nayo ikianza mstari hufanya vivyo hivyo. Neno kama ng'ombe halina shida, maana ritifaa yake iko ndani. Tanguliza \& mbele ya nukta na maneno yanarudi.

Tunaoandika kwa Kiswahili tuna jambo jingine la kuangalia. Groff hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na maneno yetu marefu kama "yanayohifadhiwa" yanaweza kukatwa katikati ya silabi. Weka .nh chini ya .TH, mstari wa kichwa cha ukurasa, ukataji unazimika. Na kila sentensi ianze mstari wake kwenye chanzo. Brian Kernighan, mmoja wa waandishi wa mwanzo wa miongozo ya Unix, alishauri hivyo tangu 1974, na ukitumia git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili, utaona faida yake siku ya kwanza.

Kazi hii inafanana na kuchambua dagaa walioanikwa mchangani: jicho linachoka haraka. Kwa hiyo naiachia mashine ipite kwanza:

groff -man -Tutf8 -ww -z mizani.1

Hapo onyo kuhusu lile agizo lisilokuwepo linajitokeza. Mandoc, programu nyingine inayosoma kurasa za man, nayo kwa mandoc -T lint inakamata mengine. Halafu nahifadhi matokeo ya man kabla na baada ya usafi, nayalinganisha kwa diff, amri inayoonyesha tofauti za mafaili mawili. Kila tofauti lazima niweze kuieleza. Safari hii zilitoka chache: vistari, mstari wa .bashrc uliorudi, na maneno ambayo hayakatwi tena.

Kijana alifungua ukurasa upya, akanakili amri ileile, akabandika. Jumla ya kilo ikatokea. Sasa yuko kwenye kurasa tatu zilizobaki, anatafuta vistari vitupu kimoja kimoja, maana vile vya maneno ya kawaida haviguswi.