Eleroni katika ndege ya faiba yenye kabini ya presha: kazi iko kwenye tundu la ukuta

Fundi anayejenga ndege ndogo ya kawaida hufunga eleroni kwa rodi, beringi na subira. Akiamua kabini ijazwe hewa ya presha, ile rodi itokayo kwenye stiki (mpini anaoshika rubani) kwenda bawani inakutana na ukuta usiotakiwa kuvuja. Hapo kwenye tundu la kupitia ndipo palipo na kazi. Sehemu nyingine zinaeleweka kwenye mchoro, lakini tundu hili limewasumbua hata mafundi wazuri.

Kwa asiyezoea: eleroni ni vile vipande viwili vilivyo ukingoni mwa nyuma ya mabawa, karibu na ncha. Kimoja kikipanda kingine hushuka, na ndege hulalia upande wa kile kilichopanda.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoamua umbo la kila kitu. Lancair IV-P, ndege ya kaboni iliyokuwa ikiuzwa kwa vipande ili mwenyewe uiunge, hubeba tofauti ya presha ya psi 5 (paundi kwa inchi ya mraba), yaani kilopaskali 34.5. Ukiwa futi 23,000 kabini inakuwa kama iko futi 8,000, karibu mita 2,400: umepita Lushoto lakini pumzi bado unaipata. Presha hiyo husukuma kila sentimita ya mraba kwa nguvu ya nyutoni 3.45. Rodi ya kipenyo cha mm 25 inayopita ukutani ina eneo la sentimita za mraba 4.9, kwa hiyo inasukumwa nje kwa nyutoni 17, sawa na kuning'iniza kilo 1.7. Hiyo inavumilika. Sasa ivalishe buti la mpira, yaani mfuko laini unaoziba tundu huku rodi ikitembea, lenye wastani wa kipenyo cha mm 60: nguvu inafika nyutoni 97, karibu kilo 10, muda wote ukiwa juu.

Wapo watakaosema kilo 10 za kushoto zinafutana na kilo 10 za kulia, maana rodi zote mbili zinakutana kwenye stiki. Ni kweli, stiki haitahama. Lakini beringi zinabeba mzigo huo kila dakika, mkwaruzo unaongezeka, na siku buti la upande mmoja likichanika, upande wa pili unabaki kuvuta peke yake mpaka presha ya kabini ishuke. Rubani anapigana na stiki iliyolala, masikio yanauma, na huenda yuko mawinguni. Rodi ya usukani wa kupanda na kushuka ndiyo mbaya zaidi, maana haina pacha wa kuifutia.

Njia za kupita ni tatu. Buti la mpira ni rahisi kufunga na halivuji likiwa jipya, ila lina kasoro niliyoitaja. Rodi inayoteleza ndani ya oringi (pete ya mpira ya kuziba) ina nguvu ndogo ya kusukumwa, lakini uso wake lazima uwe mgumu na laini kama kioo, na vumbi likiingia inakwaruzika na kuanza kunata. Ya tatu ni shafti inayozunguka, na ndiyo ninayoipendelea bila kusita. Presha inaisukuma shafti kwa nje, ndiyo, ila msukumo huo unapokewa na washa ya kuegemea na hauingii kabisa kwenye mwendo wa eleroni. Oringi nayo inazungushwa nyuzi chache tu kila upande badala ya kusuguliwa sentimita nyingi.

Mpangilio mzuri zaidi ni huu: stiki ikienda kushoto na kulia izungushe shafti iliyolala mbele-nyuma, shafti hiyo itoboe ukuta wa presha mara moja, na mkono uliofungwa huko nje ndio usukume rodi za mabawa yote mawili. Badala ya matundu mawili unalo moja. Mahali pa kutokea panategemea ndege yako. Kama mchoro wako una rodi mbili za pembeni, usibadilishe kichwakichwa. Mbunifu alipima mikono na pembe zake kwa pamoja.

Nyumba ya shafti ichongwe kwa aluminiamu, iwe na bushi mbili za Delrin (plastiki ngumu inayoteleza), na katikati yake oringi mbili zenye nafasi ndogo ya grisi kati yao. Oringi ibanwe kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya unene wake. Zaidi ya hapo stiki inakuwa nzito, pungufu inavuja. Mpira wa naitraili unatosha kwa nyumba inayopata joto la kabini, na grisi yake iwe ya silikoni. Ukitumia oringi ya silikoni kwa sababu ya baridi, usiipake grisi ya silikoni, itavimba. Flenji ya nyumba, ule mdomo bapa unaopita boliti, ikae upande wa ndani. Ikiwa ndani, presha inaigandamiza ukutani. Ikiwa nje, presha inaibandua na boliti pekee ndizo zinazoizuia. Kati ya flenji na ukuta weka sili ya polisalfaidi, ile ya matangi ya mafuta.

Kuna jambo watu hulisahau: ukuta wa kabini hupumua. Ukiijaza presha, unavimba, na tundu linahama kidogo. Ukiifunga nyumba ukutani halafu mwisho wa pili wa shafti ukaushikisha kwenye sakafu kwa beringi ngumu, chini mwendo utakuwa laini na juu utabana. Shafti inayopita ukutani ibebwe na bushi za nyumba yake tu, iwe fupi, kisha iungwe na shafti ya stiki kwa kiungo kinachoruhusu kupinda kidogo.

Sasa ukuta wenyewe. Kuta nyingi za ndege hizi ni ngozi mbili nyembamba zenye kiini cha povu au sega katikati. Usipitishe boliti juu ya kiini kitupu. Ukikaza, kiini kinapondeka, boliti inalegea, unakaza tena, kinapondeka tena. Tena kwenye sega hewa huingia kwenye ukingo wa tundu, hutembea ndani ya ukuta na kutokea mahali pengine kabisa, na utatafuta uvujaji huo mpaka ukate tamaa. Ondoa ngozi ya ndani na kiini kwenye duara linalozidi boliti za flenji kwa mm 25 kila upande, chonga kingo za kiini ziwe mteremko, jaza kwa matabaka ya kitambaa yenye epoksi mpaka usawa wa ngozi, kisha funika kwa matabaka yanayopishana, la kwanza likizidi duara kwa mm 25 na linalofuata kwa mm 50. Toboa baada ya epoksi kukauka kabisa, si kabla.

Hapa Tanga epoksi ina tabia zake. Joto likipanda kwa nyuzi 10, muda wa kuifanyia kazi hupungua kwa karibu nusu, kwa hiyo changanya gramu 100 au 150 kwa mara moja na uimwage kwenye trei pana. Ikirundikana kwenye kopo inajipasha moto yenyewe na kufoka moshi. Pima kwa mizani, hadina (dawa ya kugandisha) kwa uzito kama karatasi ya kiwandani inavyosema, wala usiongeze hadina ukidhani itawahi kukauka. Kazi ya juu ya povu anza alasiri joto linapoanza kushuka. Asubuhi hewa iliyomo kwenye povu inatanuka na kutoboa vipovu kwenye kitambaa kilicholowa. Masika, unyevu unaacha utando wa nta juu ya epoksi iliyokauka. Huo hautoki kwa msasa, unasambaa tu. Uoshe kwanza kwa maji safi, ufute, ndipo upige msasa namba 80. Na resini ya poliesta wanayotumia mafundi wa boti za faiba iache kwenye boti, hata kama inapatikana kirahisi na bei yake inapendeza.

Upepo wa bahari una chumvi, na kaboni ikigusana na aluminiamu penye unyevu wa chumvi, aluminiamu inaliwa. Weka tabaka moja la kitambaa cha kioo kati ya kaboni na kila kipande cha aluminiamu, na boliti ziingizwe zikiwa zimepakwa sili mbichi.

Mikono ya shafti isishikwe kwa skrubu ya kubana. Tumia boliti mbili zinazopita kati kwa kati, matundu yatobolewe mm 4.6 kisha yafikishwe mm 4.76 kwa rima (kekee ya kulainisha tundu), ili boliti ya ndege aina ya AN3 iingie kwa kusukumwa na kidole bila kucheza. Boliti za M5 za madukani Ngamiani, hata zenye alama ya 8.8, si mbadala. Kwanza ni nene kuliko tundu. Pili, nyingi zina nyuzi toka mwisho mpaka kichwani, na nyuzi zikikaa ndani ya mkono wa aluminiamu zinaula kama msumeno. Pale boliti inapokuwa ekseli ya kitu kinachozunguka, nati yenye pete ya plastiki haitoshi: weka nati ya ngome (yenye mikato ya kupitishia pini) AN310-3, kaza kwa nyutonimita 2.3 hadi 2.8, kisha splitipini. Kila rodendi (kichwa cha rodi chenye beringi ya tufe) iwekewe washa pana AN970-3, yenye kipenyo cha mm 22, ili tufe la beringi likichomoka rodi isianguke. Nyuzi za rodendi ziingie mpaka zipite tundu la ukaguzi. Chomeka waya mwembamba, ukipita hujaingiza vya kutosha.

Rodi ndefu zina mambo mawili. La kwanza ni kupinda: urefu ukiwa maradufu, nguvu ya kuhimili kusukumwa hushuka hadi robo, ndiyo maana mchoro unaweka mkono wa kati bawani. Usiuruke kwa ajili ya kupunguza uzito. La pili ni baridi. Bawa la kaboni halisinyai karibu hata kidogo, lakini aluminiamu husinyaa sehemu 23 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja. Toka nyuzi 32 za Tanga mpaka 18 chini ya sifuri huko juu ni nyuzi 50, na rodi ya mita 3 inapungua mm 3.5. Kwenye mkono wa mm 60 hizo ni nyuzi 3.3 za eleroni, kushoto na kulia kwa pamoja, zote juu au zote chini. Ndege haitalala upande, ila itabadilika mkao na kasi, na mwendo uliobaki kabla ya kizuizi unapungua. Rodi za kaboni zenye vichwa vya chuma zinamaliza tatizo. Anayebaki na aluminiamu aache nafasi hiyo anapoweka vizuizi.

Kupanga ni kazi ya pini. Stiki ifungwe katikati kwa pini, kila mkono bawani ufungwe kwa pini, eleroni zishikwe na kigezo cha mbao kilichokatwa kwa umbo la bawa, ndipo urekebishe urefu wa rodi mpaka boliti ziingie bila kulazimishwa. Toa pini zote uzihesabu. Pima nyuzi za kupanda na kushuka kwa kipimo cha dijitali. Eleroni nyingi hupanda zaidi ya zinavyoshuka, na namba ni za mchoro wako. Halafu shika stiki dole gumba likiwa juu, ilaze: gumba lielekee eleroni iliyopanda. Kipimo hiki cha kitoto kirudiwe kila mara baada ya kufungua chochote, kwa sababu eleroni zilizofungwa kinyume zimeshaua marubani wazoefu.

Jaribio la presha lifanyike bila mtu ndani, valvu ya usalama ikiwa imeshawekwa mahali pake na kupimwa. Dirisha la robo tatu ya mita kwa sentimita 27 linasukumwa na karibu kilo 700, usisimame mbele yake. Panda psi moja moja. Kila hatua, paka maji ya sabuni upande wa nje wa nyumba ya shafti, kisha vuta eleroni kwa mizani ya springi ukingoni mwa nyuma, mahali pale pale, na uandike nguvu inayohitajika kuanza mwendo. Ikipanda polepole na kwa usawa, ni oringi inabanwa. Ikiruka ghafla kwenye psi 3 au 4, ukuta umevimba na shafti imekaa upande. Rudi kwenye nyumba, usijaribu kuponya kwa grisi.

Picha za kila hatua kabla ya kufunika, pamoja na hizo namba, zitaulizwa na mkaguzi, kwa hiyo zungumza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) kabla hujafunga chochote.

Rangi huja mwisho na ndiyo inayovuruga uwiano. Eleroni iliyo nzito nyuma ya bawaba hupapatika kwenye kasi kubwa, na mpapatiko unaweza kuing'oa kabla rubani hajajua kinachotetema. Ipimwe ikiwa imetolewa, imening'inizwa kwenye bawaba zake, ikiwa imeshapakwa rangi. Risasi iongezwe puani, ukingoni mwake mwa mbele, mpaka ikae kama mchoro unavyotaka. Ikipakwa rangi upya, hata kiraka, inatoka tena na kupimwa tena kabla ya kurudishwa bawani.