Jina la kampuni ukutani si hati ya umiliki wa uwanja

Wengi huamini kwamba kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye uwanja wa michezo ndiyo iliyoujenga, au ndiyo inayoumiliki. Si ajabu, herufi zenyewe ni kubwa kama nyumba. Lakini mara nyingi kampuni hulipia jina tu, kwa miaka iliyotajwa kwenye mkataba. Uwanja wa Emirates wa London, uliofunguliwa mwaka 2006, ni mali ya klabu inayoutumia, Arsenal. Shirika la ndege la Emirates lilinunua haki ya jina tu. Ndiyo maana kwenye mechi za mashindano ya klabu za Ulaya uwanja huohuo huitwa Arsenal Stadium, kwani mashindano hayo yana wadhamini wake. Ukitaka kuhakiki, fungua taarifa ya fedha ya klabu, utazame orodha ya mali zake.