Mtoto kuzaliwa mdogo si ushahidi wa uzembe wa mama

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: mtoto akizaliwa na uzito mdogo, ujue mama yake alikuwa mvivu wa kula. Si kweli, na unawatonesha kidonda wanawake wengi.

Uzito mdogo ni ule wa chini ya kilo 2.5. Mtoto hufikia hapo kwa kuzaliwa kabla ya wiki 37, kwa kukua polepole tumboni, au yote mawili. Mara nyingi shida iko kwenye kondo la nyuma, linalompitishia chakula na oksijeni. Presha ya mama ikipanda, kondo linaweza kupata damu kidogo hata kama mama anakula vizuri. Upungufu wa damu, malaria na moshi wa sigara, hata wa mtu mwingine ndani ya nyumba, huchangia pia.

Hali ya maisha inahusika, ila si kama tabia. Asiye na nauli huchelewa kliniki, na presha yake huchelewa kugunduliwa. Watu wanaona umaskini na kichanga kidogo, wanalaumu sahani.

Ukitaka kuhakikisha kama mtoto anakua vizuri tumboni, fungua kadi ya kliniki. Kuanzia wiki ya 24 hivi, kimo cha tumbo kwa sentimita, kinachopimwa kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba, hukaribiana na idadi ya wiki za ujauzito. Kikibaki nyuma, mkunga huagiza ultrasaundi.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kama kuna mjamzito karibu nawe, muulize kama ana nauli ya kliniki.