Je, wajua kwa nini hela humponyoka mwenye ADHD hata kama hesabu anaijua?

Mchuuzi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, anaweza kukupigia kichwani faida ya mzigo mzima, ushuru na nauli vikiwa vimeshatolewa. Kodi ya chumba ikifika, hana kitu. Majirani wa Mwanga watasema hana uchungu na hela, au ni pombe, au amerogwa. Pombe wakati mwingine ni kweli. Lakini wapo wasiokunywa wala kucheza kamari na bado kila mwezi ni yale yale, na baadhi yao wana ADHD.

Hii ni hali ya ubongo inayogusa umakini, utulivu na uwezo wa kujizuia. Kwa sehemu kubwa hurithiwa, na dalili zake huanza utotoni, kabla ya miaka 12. Sisi huijua, kama tunaijua, kwa mtoto asiyekalika darasani. Akikua, wengi huacha kurukaruka, ila kusahau, kuahirisha na kuamua kwa pupa hubaki.

Sasa hela zinaingiaje hapo? Kwa mlango wa wakati. Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeitafiti ADHD kwa miongo mingi, huzungumzia upofu wa wakati. Kwa mtu wa namna hii kuna sasa na kuna baadaye, na hiyo baadaye haina tarehe. Kodi ya tarehe 30 haimsumbui tarehe 12, haimsumbui hata tarehe 27, ilhali viatu vilivyo mbele yake vinamwita sasa hivi. Watafiti huhusisha jambo hili na dopamini, kemikali ya ubongo inayotusukuma kufuata kinachotufurahisha: kilicho mbali hupungua thamani kwake upesi kuliko kwa wengine. Juu ya hapo kuna kumbukumbu ya muda mfupi inayovuja. Asubuhi ametenga elfu hamsini ya ada kwenye simu. Mchana anaona salio, anadhani ni hela isiyo na kazi.

Na si umaskini unaoleta haya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwa takwimu za Sweden, nchi tajiri, ulikuta wenye ADHD wakishindwa zaidi kulipa madeni kwa wakati kuliko wenzao.

Kigoma ziwa lenyewe huzidisha ugumu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikikolea taa hazina mvuto, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mwenye mshahara angalau ana tarehe. Anayetegemea ziwa anatakiwa aone wiki za ukame wakati mfuko umejaa, na kuona huko ndiko ubongo wake unakokushindwa.

Kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, wanaishi kwenye pengo hilo. Mkopo unatoka leo, maumivu ni ya baadaye, na baadaye tumeshaona ilivyo. Matapeli nao wana ujumbe wao maarufu, «ile hela tuma kwenye namba hii». Mtu mwenye kumbukumbu nzuri hucheka na kuufuta. Asiyekumbuka anadaiwa na nani huingiwa na aibu, na hutuma haraka ili yaishe.

Kumpa daftari la matumizi ni ushauri mzuri kwa mtu mwingine. Yeye ataliandika kwa bidii siku nne, kisha litapotea. Kinachofaa zaidi ni kuondoa kukumbuka na kujizuia mikononi mwake. LUKU, mita ya umeme, hufanya hivyo bila kukusudia: unalipa kwanza, unatumia baadaye, hakuna bili ya kusahau. VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ni bora zaidi, na naona hatujaitazama vya kutosha kwa jicho hili. Kuna siku maalumu ya kununua hisa, kuna faini, kuna watu watakaouliza uko wapi. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Pupa ya saa nne usiku haiwezi kufungua kufuli tatu. Dawa za hospitali nazo huwasaidia wengi, lakini hizo ni za kuandikiwa na daktari baada ya uchunguzi.

Kikundi kina siku moja ya hatari: siku ya mgao, mwisho wa mzunguko, akiba ya mwaka inaporudi yote kwa pamoja. Siku hiyo ipangwe mapema na mtu anayemwamini, waende wote, na kabla ya kurudi nyumbani kodi ya miezi sita iwe kwa mwenye nyumba na mabati yawe yamelipiwa dukani.